Maji yamegoma chini ya daraja: kutafuta chanzo cha kasoro kwenye picha ya rangi za maji

Picha ya daraja la mjini kwa rangi za maji mara nyingi huharibikia chini. Anga limekubali, minara imesimama, magari yanaonekana yakipita, lakini maji yamegoma. Yamesimama wima badala ya kulala, au yamechafuka, au yamebeba taswira, yaani sura ya daraja inayoonekana majini, isiyohusiana kabisa na daraja lililo juu yake. Mchoraji anaanza kupambana nayo hapo hapo: anaongeza rangi, anafuta, anaongeza tena, na mwisho karatasi yenyewe imechoka kabla yake.

Msimamo wangu ni kwamba kasoro nyingi za majini hazikuzaliwa majini. Zimetokana na mahali ulipokaa, saa uliyoanza kazi, au unyevu wa karatasi dakika chache kabla kasoro haijajitokeza. Kwa hiyo kabla hujashika brashi ya kurekebisha, jiulize mambo matatu. Jicho lako lilikuwa juu kiasi gani kutoka usawa wa maji? Maji yalikuwa yanajaa au yanakupwa? Na rangi ilipotua, karatasi ilikuwa inang'aa, imefifia, au imekauka?

Mfano wetu ni Daraja la Nyerere, lile la Kigamboni jijini Dar es Salaam: mita 680 juu ya mkono wa bahari wa Kurasini, lilifunguliwa Aprili 2016, lina minara mirefu na nyaya zinazotanuka kutoka juu kushika barabara. Nimelichagua kwa sababu maji yake yamejikinga na mawimbi ya bahari wazi, yanajaa na kupwa kila siku, na yana matope. Karibu kila kasoro ya taswira utakutana nayo pale. Kwa maji yenye mawimbi tutavuka mara moja moja hadi Daraja la Tanzanite la jijini humo humo, lililofunguliwa 2022.

Taswira haikai chini ya daraja

Hii ndiyo kasoro inayoonekana kwanza, hata kwa mtu asiyewahi kushika brashi. Atakuambia tu kwamba "kuna kitu hakijakaa sawa". Vyanzo vyake ni vingi, na vinapimika kwa rula.

Weka rula wima kwenye ukingo wa nguzo, ishuke hadi majini. Ukingo huo huo kwenye taswira uko chini yake kabisa, au umehamia pembeni? Kama umehamia, umechanganya taswira na kivuli. Kivuli kinafuata jua, kwa hiyo asubuhi kitaelekea upande mmoja na jioni upande mwingine. Taswira haijali jua liko wapi. Inashuka wima kutoka kwenye kitu na kuja moja kwa moja kwako. Ukisogea hatua kumi kushoto, nayo inakufuata, wakati kivuli kinabaki palepale.

Kurasini inamchanganya mtu kwa sababu vyote viwili huonekana kwa pamoja. Maji safi hayashiki kivuli vizuri, mwanga unapita ndani yake. Maji yenye tope yanakishika, maana chembechembe zilizoelea zinafanya kazi ya ukuta. Baada ya mvua, utaona chini ya daraja utepe mweusi uliolala mshazari, hicho ni kivuli, na juu yake taswira ya nguzo zimeshuka wima. Chora kivuli kwa rangi ya maji yenyewe iliyokolezwa, kahawia yenye kijani kidogo. Taswira ichukue rangi ya zege. Ukivipaka vyote rangi moja, hakuna atakayeelewa.

Pima tena, sasa urefu. Nguzo inayotoka majini ina taswira yenye urefu sawa na sehemu yake iliyo juu ya maji. Kama kwenye karatasi sakafu ya daraja iko sentimita 4 juu ya usawa wa maji pale nguzo inapozama, basi taswira ya sakafu iko sentimita 4 chini ya usawa huo. Kosa la kawaida ni kupima kuanzia ufuko wa ng'ambo, kwa sababu ule ndio mstari unaoonekana wazi. Daraja halisimami ufukoni tu. Kila nguzo ina mguu wake na usawa wake wa maji, na nguzo iliyo karibu nawe inazama chini zaidi kwenye karatasi kuliko iliyo mbali. Majengo yaliyo nyuma ya ufuko ni kesi nyingine. Miguu yao haiko majini, kwa hiyo taswira yao imekatwa. Ghorofa za chini hazionekani majini kabisa, unapata vichwa tu.

Kuna wanaochukua picha ya simu, wanaigeuza juu chini, wanainakili chini ya daraja. Hiyo ni njia ya mkato inayodanganya. Maji hayaoni ulichoona wewe. Yanaona daraja kutoka chini, kana kwamba jicho lako limezamishwa chini ya usawa wa maji kwa kimo kilekile ulichokuwa juu yake. Ndiyo maana tumbo la daraja, yaani ule upande wa chini wa sakafu wenye giza, linaonekana zaidi kwenye taswira kuliko kwenye daraja lenyewe. Ukiwa umekaa ufukoni, karibu na usawa wa maji, tofauti ni ndogo. Ukichora ukiwa ghorofani, tofauti ni kubwa, na taswira uliyonakili kwa kugeuza picha itakuwa ya uongo waziwazi: itaonyesha magari juu ya barabara, wakati maji hayawezi kuyaona magari hayo.

Mashua zina mtego wao. Mlingoti ulioinamia kulia, taswira yake nayo inainamia kulia. Wengi huuinamisha kushoto, ukawa mstari mmoja ulionyooka kutoka juu hadi chini. Sheria hiyo hiyo inahusu nyaya za daraja.

Halafu kuna chanzo ambacho vitabu vya kuchora vilivyoandikwa kwa mito ya Ulaya havina haja ya kukitaja, nacho ni bamvua. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti ya maji kujaa na kupwa Dar es Salaam hupita mita 3. Ukichora mguu wa nguzo maji yakiwa yamejaa, ukanywa chai, ukarudi kuchora taswira saa tatu baadaye, unachora daraja jingine. Nguzo imerefuka, mkanda mweusi wenye chaza umejitokeza, na taswira imerefuka pia. Dalili yake kwenye picha ni daraja linaloonekana kuelea: nguzo fupi, taswira ndefu. Maji yanashuka kwa kasi zaidi kuanzia kama saa mbili hadi saa nne baada ya kujaa, kwa hiyo huo ndio muda mbaya zaidi wa kupima. Dawa ni kuweka alama ya usawa wa maji kwenye nguzo zote kwa penseli ndani ya dakika za mwanzo, pamoja na alama za mwisho wa taswira, kisha usizihamishe hata maji yakienda wapi. Au subiri siku za maji mafu, ambapo tofauti ni ndogo na una muda wa kupumua.

Je, picha iliyokwisha kukosewa hivi inaokolewa? Taswira iliyo fupi mno, ndiyo. Irefushe kwa mipigo iliyokatikakatika ya brashi, kwa sababu maji yenye viwimbi hurefusha taswira kuja kwa mtazamaji na hakuna atakayekushtaki. Taswira iliyo ndefu kupita kiasi ni kazi kubwa. Ni rahisi zaidi kushusha usawa wa maji kwenye nguzo: ongeza ule mkanda mweusi wa chaza chini, nguzo irefuke.

Maji yamesimama kama ukuta

Ukiziba daraja kwa mkono na kuangalia maji peke yake, unaona pazia la bluu. Chanzo kikubwa ni rangi moja kutoka juu hadi chini.

Maji hayaakisi sawasawa kila mahali. Ukitazama chini miguuni, maji yanarudisha kama asilimia 2 tu ya mwanga wa anga. Kinachobaki unachokiona ni rangi ya maji yenyewe, tope, mchanga, kijani. Ukitazama mbali, mstari wa jicho unakaribia kulala juu ya maji, na hapo yanarudisha karibu anga lote. Kwa hiyo mpako wa maji unaanza ng'ambo ukiwa mweupe wa anga na unashuka taratibu kuwa wa giza na wa rangi ya maji yenyewe kadiri unavyokaribia miguu yako. Kwa Kurasini, juu ni bluu hafifu au fedha, chini ni zeituni iliyochanganyika na kahawia. Mpako huu peke yake, bila kiwimbi hata kimoja, unalaza maji.

Kama umeshapaka rangi moja na imekauka, lowesha nusu ya chini kwa maji safi na brashi pana, kisha dondosha rangi iliyokolea ukingoni kabisa mwa karatasi na uinamishe kibao ishuke kuelekea kwako. Usifike nusu ya juu.

Chanzo cha pili ni viwimbi vyenye ukubwa mmoja. Vya karibu ni vipana na vimeachana. Vya mbali ni vyembamba na vimebanana hadi kuwa mistari ya nywele. Na vyote vilale sambamba na ukingo wa chini wa karatasi. Mstari wa maji ukiinama hata milimita 2 kwenye karatasi ndogo, jicho linaona maji yanamwagika upande mmoja. Ufuko wa ng'ambo unaweza kupinda ukija karibu, lakini maji yenyewe hayapandi kilima.

Mabaka yenye kingo za kuchanika

Ulipaka maji vizuri, ukageuka kidogo, ukakuta baka lenye ukingo uliochanikachanika katikati ya taswira. Kwa wachoraji wengi wa pwani hili ndilo tatizo nambari moja, na ninaamini chanzo chake ni hali ya hewa yetu kuliko mkono wa mchoraji.

Karatasi iliyolowa inapita hatua nne. Kwanza inang'aa, maji yanatembea juu yake. Kisha ule mng'ao unazimika, uso unakuwa kama wa kitambaa, lakini karatasi bado imejaa maji ndani. Halafu inaonekana kavu, ila ukiigusa kwa mgongo wa vidole ni ya baridi. Mwisho inakauka kweli, na ukiigusa haina ubaridi tena. Baka linazaliwa hatua ya pili: ukiongeza brashi yenye maji mengi kuliko yaliyomo kwenye karatasi, maji mapya yanasukuma rangi ya zamani pembeni na kuirundika. Hapo ndipo ukingo unapotokea.

Maelekezo mengi ya kuchora yanadhani hatua ya pili ni ya dakika moja au mbili. Wakati wa masika Dar es Salaam, hewa ikiwa imejaa unyevu, hatua hiyo inaburuta. Mchoraji anafuata maelekezo, anahesabu muda, anaamini karatasi imekauka, anaweka taswira ya nguzo. Miezi ya kusi mambo yanageuka: upepo unakausha mpako wa anga kabla hujafika ukingoni, na kasoro yake ni mistari mikavu katikati ya anga, si mabaka. Kwa hiyo acha kuhesabu dakika. Inamisha kichwa hadi usawa wa karatasi, tazama uso wake ukiwa kati yako na mwanga. Uking'aa, rangi yoyote inaruhusiwa. Umefifia, weka rangi nzito tu, brashi iliyokamuliwa kwenye kitambaa, isiyodondosha. Umekuwa wa baridi, ondoa mikono.

Taswira laini ya nguzo kwenye maji yaliyotulia huwekwa mwishoni mwa hatua ya kwanza, pale mng'ao unapoanza kufifia. Chukua rangi nzito, shusha mpigo wima mmoja kwa kila nguzo, usirudie. Kabla karatasi haijafikia ubaridi, pitisha brashi bapa iliyokamuliwa, mlalo, mara mbili au tatu, kukata taswira. Hiyo mipigo miwili, wima kisha mlalo, ndiyo inayoleta utulivu wa maji ya asubuhi. Ukianza na mlalo hupati kitu.

Baka lililokwisha kukauka halifutiki lote. Lowesha ukingo wake tu kwa brashi bapa, sugua polepole, kandamiza tishu. Likibaki, ligeuze kuwa kitu: mahali palipo na upepo kidogo juu ya maji, au povu la kivuko kilichopita. Mashua iliyowekwa kwa makusudi inaficha mabaka mengi, na sioni aibu yoyote kuishauri.

Taswira imekuwa tope

Hapa angalia paleti, kile kibao cha kuchanganyia rangi, halafu hesabu: rangi ngapi zimekutana pale? Zaidi ya tatu, jibu unalo. Taswira inabeba rangi ya daraja, ya anga na ya maji, na mchoraji anazichanganya zote mara moja kwa brashi ileile juu ya karatasi.

Kijivu cha zege ni rahisi kuliko watu wanavyodhani: bluu ya ultramarini, namba yake kwenye lebo ni PB29, na siena iliyochomwa, ile kahawia yenye wekundu, PBr7. Ukizidisha siena unapata zege lenye jua, ukizidisha bluu unapata zege la kivulini. Tumia jozi hiyohiyo juu kwa daraja na chini kwa taswira, na kwa tope la maji pia, siena ikiwa nyingi na oka ya njano kidogo. Picha nzima inaungana kwa sababu maji na daraja ni ndugu wa rangi moja. Mtu anayechora daraja kwa rangi mbili na maji kwa nyingine nne ndiye anayeuliza kwa nini taswira haifanani na daraja.

Soma lebo. Kidonge cha rangi kilichoandikwa "kijivu" au "kijani cha zeituni" mara nyingi tayari kina rangi tatu ndani. Ukikichanganya na kingine cha namna hiyo umefikisha sita bila kujua.

Chanzo kingine cha tope ni kurudiarudia mpigo, na kingine ni kikombe kimoja cha maji. Weka viwili, kimoja cha kuoshea na kimoja cha maji safi. Usichote maji ya bahari yaliyo mbele yako hata kama umesahau chupa nyumbani. Chumvi inaacha vidoadoa na inavuta unyevu, karatasi haikauki vizuri. Vivyo hivyo maji ya kisima yenye chumvi, ambayo nyumba nyingi za Dar es Salaam zinayatumia. Nunua chupa ya maji ya kunywa.

Taswira inapiga kelele kuliko daraja

Finya macho hadi uone mabonge tu ya giza na mwanga. Kama jicho linakimbilia majini kwanza, viwango vya mwanga vimepinduka. Maji hayarudishi mwanga wote, kwa hiyo kitu cheupe kina taswira iliyofifia kidogo. Na kwa kuwa maji yenye tope yana mwanga wake yenyewe, kitu cheusi kina taswira iliyopauka kidogo. Kwa ufupi, majini pande zote mbili zinakaribiana. Chini ya sakafu ya daraja pakiwa peusi kabisa, taswira yake iwe hatua moja nyuma.

Tatizo ni kwamba rangi za maji zinapauka zikikauka. Mchoraji anaona taswira imepauka, anaongeza mpako wa pili, wa tatu. Kata kipande cha karatasi hiyohiyo, weka rangi, kikaushe kwa draya au juani, kisha ulinganishe kikiwa kikavu.

Kingo kali ni chanzo kingine cha kelele. Daraja likiwa na kingo laini na maji kingo kali, umevaa shati nje ndani. Lainisha majini kwa brashi yenye unyevu. Isipokuwa penye upepo: pale Tanzanite, maji ya bahari wazi yakichafuka, taswira inavunjika vipande vyenye kingo kali kweli, na mara nyingi haipo kabisa. Nimeona picha za Tanzanite zenye taswira kamili ya daraja zima kwenye maji ya saa nane mchana. Hakuna maji ya namna hiyo pale saa hizo. Acha vipande viwili vitatu vya rangi chini ya nguzo, basi.

Taa za usiku zinashuka majini kama nguzo ndefu za mwanga kwa sababu kila kiwimbi kinachoelekea kwako kinarudisha taa kidogo. Ziache nyeupe tangu mwanzo, au zinyanyue kwa brashi bapa rangi ikiwa mbichi. Upana wake unakaribia upana wa taa; zinarefuka, hazipanuki sana.

Nyaya zimekuwa kamba za kuanikia nguo

Swali la kwanza ni kama unahitaji kuziacha nyeupe. Ukiwa upande wa Kurasini asubuhi, jua linatokea ng'ambo, Kigamboni, kwa hiyo daraja lote liko kivulini mbele ya anga linalong'aa. Nyaya zinaonekana nyeusi. Wengi wanapaka gundi ya mpira ya kufunika karatasi, wanahangaika kuibandua, halafu wanajikuta na nyaya nyeupe ambazo hawakuziona. Kwa mwanga huo subiri anga likauke, tumia brashi nyembamba yenye nywele ndefu au kalamu ya mwanzi, vuta mkono wote kutoka begani, mpigo mmoja kuanzia mnarani kushuka. Uzi ukikatika njiani usiuunge. Jicho litauunga.

Mchana na jioni jua likiwa nyuma yako, nyaya zinang'aa mbele ya wingu zito. Hapo gundi ina kazi. Paka kwenye karatasi iliyokauka kabisa, loweka brashi ya zamani kwenye sabuni kwanza ili isigande, na ibandue siku hiyohiyo. Ikikaa kwenye joto letu, hasa ndani ya gari lililoegeshwa juani, inang'ang'ania na kuondoka na ngozi ya karatasi. Ncha ya mshumaa inafanya kazi ileile kwa bei ya mshumaa, ila nta haitoki, kwa hiyo amua mapema.

Majini, nyaya usizichore mojamoja. Kiwimbi kidogo kinameza vitu vyembamba kwanza. Minara na sakafu vitabaki, nyaya zitakuwa utusitusi tu wa rangi.

Karatasi inanywa rangi au inajikunja

Kujikunja kuna tiba inayojulikana: karatasi ya gramu 300 kwa mita ya mraba, ikiwezekana ya pamba, imeloweshwa na kubandikwa kwenye plaiwudi kwa mkanda wa gundi pande zote nne. Ya gramu 190 itafanya mabonde, na rangi ya maji itajikusanya humo.

Kunywa rangi ni jambo la pwani. Karatasi nzuri ina gundi ya jelatini ndani yake inayozuia rangi isizame. Ikihifadhiwa kwenye unyevu kwa muda mrefu, gundi hiyo inaharibika kwa mabaka. Dalili ni vidoa vyeusi visivyofutika vinavyotokea mara tu mpako unapotua, hasa kwenye anga. Jaribu kwa tone la maji safi kwenye kona: likizama mara moja badala ya kukaa juu, karatasi hiyo ni ya mazoezi ya penseli. Hifadhi iliyobaki kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa. Na ukishamaliza kazi, acha kisanduku cha rangi wazi hadi vidonge vikauke, vinginevyo vitaota ukungu. Rangi zenye asali zina wateja wengine. Ukiamka ukakuta msururu wa sisimizi kwenye paleti, ndio hao.

Mng'ao wa jua juu ya maji umepotea

Ulikusudia vimulimuli, umepata bluu tupu. Mpako ulikuwa na maji mengi, au karatasi ni laini mno. Vimulimuli vinatokana na brashi iliyokamuliwa, iliyolazwa ubavu, ikipita haraka juu ya karatasi yenye uso wa kukwaruza, ili rangi ishike vilele na kuacha mabonde meupe. Polepole haifanyi kazi. Fanya majaribio kwenye kipande kingine hadi mkono ukubali, maana kwenye picha yenyewe una nafasi moja.

Ikishapotea kuna njia tatu, na ninazipanga kwa upendeleo wangu. Kwanza wembe: karatasi ikiwa kavu kabisa, kwaruza kwa ncha, mlalo, mipigo mifupi ya milimita chache. Baada ya hapo usipake kitu juu yake, itanywa. Pili rangi nyeupe nzito ya gwashi, kidogo, na uichovye kwenye njano ili isionekane chokaa. Tatu, kunyanyua kwa brashi yenye unyevu na tishu. Hii inategemea ulipaka nini. Ultramarini inatoka kwa heshima. Bluu ya thalo, PB15, ikishaingia kwenye karatasi haitoki hata ukiisugua. Ukikuta namba hiyo kwenye lebo ya bluu uliyopaka majini, rudi kwenye wembe.